Sumaku Kifuani

Salale,
14 Desemba 2024

Mpendwa Mama Mdogo Zena,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini eda yako inakwenda salama na mawifi zako wanakuachia upumzike. Namwombea marehemu Baba Mdogo kila baada ya sala.

Nilifika salama. Mnara wa simu wa huku haufanyi kazi tangu mvua za vuli zianze, kwa hiyo nitakuwa naandika. Nahodha Kibwana amesema atanichukulia barua mpaka Nyamisati bure, mradi nisimwandike yeye. Nimeshamwandika.

Mguu wa Bibi bado umevimba lakini anatembea. Hataki nimsaidie kutwanga, anasema nikishika mchi mpunga unacheka. Nafanya kazi nyingine zote.

Maalim Sadala aliposikia nimemaliza kidato cha nne akaniomba nimsaidie watoto wadogo pale chuoni, madrasa yake, wale wa alifu. Sikuweza kukataa, na wewe unajua siwezi kukataa kitu nikiangaliwa usoni. Basi nafundisha. Taabu ni sauti. Nasoma nao vizuri, halafu kile kifaa cha kifuani kinaanza, koo linabana, sauti inakuwa nzito na ya kukwaruza kama ya mwanamume mwenye mafua. Inachukua muda kama wa kusoma Alhamdu polepole, kisha inarudi. Dakika chache tena, hivyo hivyo. Juzi mtoto mmoja anaitwa Ukasha akaniuliza, "Mwalimu, huyo mwingine anayesoma ni nani?" Mwenzake akamjibu, "Ni mumewe, yumo ndani." Walicheka wote. Nikacheka na mimi ili wasione.

Baadaye Maalim akaniuliza taratibu naumwa nini. Nikaangalia mkeka. Sikuona aibu tu, sikujua la kusema. Siku ile daktari anatueleza nilikuwa nafikiria kisu cha upasuaji, sikusikia kitu. Tafadhali niandikie tena alivyosema, kwa maneno ya kawaida, ili nami niweze kumwambia mtu.

Tangu nifike sijaanguka kifafa. Nafurahi, lakini zikipita siku nyingi bila kuanguka naogopa zaidi, maana naona kama deni la kuanguka linakua mahali nisipopaona.

Mwanao,
Yasmin


Kibiti,
22 Desemba 2024

Mwanangu Yasmin,

Waalaykum salaam, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili na wifi Salima ameisoma mara moja bila kuombwa. Ananichunga kama mwali. Jana nilichungulia dirishani kuangalia mwenye kupita na samaki, akaniuliza kama marehemu ameniaga au mimi ndiye nimemwaga yeye. Basi nimekaa.

Sikiliza sasa. Daktari alisema hivi. Kuna neva inaitwa vagasi. Inatoka kwenye ubongo, inashuka shingoni, inapita karibu na koo na moyo mpaka tumboni. Hiyo ndiyo inayopeleka habari za moyo na tumbo kwenye ubongo na kurudisha majibu. Wewe umewekewa betri ndogo chini ya mtulinga wa kushoto, na waya mwembamba umezungushwa kwenye neva hiyo. Kila baada ya dakika chache betri inaigusa kwa umeme mdogo sana. Ubongo ukiguswa hivyo siku baada ya siku unajifunza kutulia, na kifafa kinapungua. Hakiponi, kinapungua, kwa hiyo vidonge usiache hata siku moja.

Neva hiyo ina tawi linalokwenda kwenye koo. Umeme ukipita, sauti inakwaruza. Mwambie Maalim hivyo hivyo. Si shetani wala mume. Na daktari alisema kwa watu wengine koo linazoea, kukwaruza kunapungua, kwa hiyo vumilia.

Kuhusu sumaku uliyovaa mkononi: ukihisi inakuja, ile harufu yako ya kitu kinachoungua, ipitishe pale kifuani juu ya kidude. Kitaamka kipige umeme wa ziada, na mara nyingi kifafa kinakatikia hapo. Sumaku iwe nawe saa zote, usiiweke mbali. Msomee Bibi yako sehemu hii, maana siku ile mlipoaga hapa nilimweleza haraka haraka mlangoni huku gari linapiga honi.

Nguo uliyoniomba nitakushonea eda ikiisha.

Mama yako mdogo,
Zena


Salale,
6 Januari 2025

Mpendwa Mama Mdogo,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Nina habari nzuri, na ni mara ya kwanza naandika barua huku natabasamu.

Nilimsomea Bibi barua yako. Ile sehemu ya sumaku akataka nirudie, nikarudia. Akasema, "Kwani ikipita tu, inasaidia?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ikipita tu?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona inakaa mkononi? Mlinzi gani analala nyumba ya jirani?"

Akanivua ule mkanda, akatoa sumaku, akaishona ndani ya kaniki pamoja na karatasi ya Ayatul Kursiyyu aliyoandikiwa na Maalim. Akanivalisha shingoni. Ilipoanza kuning'inia huku na huku hakupenda, akachana kitambaa cha kanga yake akaifunga kwa kunizungushia kifua, ikae pale pale kwenye kovu, isisogee. Akasema sasa hata nikiwa nimelala, hata yeye akiwa shambani, kuna mtu yuko zamu. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Sikujua kwamba Bibi naye anaogopa.

Na Mama Mdogo, siku ile ile sauti yangu ikapona. Nilisoma na watoto mpaka adhuhuri bila kukwaruza hata mara moja. Ni kama ulivyosema, koo limezoea. Ukasha akauliza, "Yule mwingine kaenda wapi?" Nikamwambia nimempa talaka. Watoto walicheka mpaka Maalim akachungulia. Mimi, Mama Mdogo, nimetania watu.

Sasa naweza kukuambia, mwezi uliopita baadhi ya wazazi walikuwa wameacha kuwaleta watoto wao. Walisema ndani yangu kuna mtu. Nilikuandikia habari nyingine nikaificha hiyo. Sasa wamewarudisha, na mama yake Ukasha ameniletea kaa wawili.

Mambo mengine ni ya kawaida. Nachoka kidogo. Ijumaa nilisinzia nimeshika bakuli, uji ukanimwagikia mapajani, nikashtukia Bibi ananipangusa mdomo. Nadhani ni joto.

Kesho kutwa maji yatakuwa madogo, Safina jirani yetu amenialika twende kutanda uduvi. Mmoja anashika pembe hizi za tandio, kile chandarua cha kuvulia, mwingine zile, mnatembea mnakokota. Anasema nitajifunza mara moja kwa sababu siongei, na uduvi hawapendi kelele.

Mwanao mwenye furaha,
Yasmin


Kibiti,
11 Januari 2025

Yasmin mwanangu,

Vua hiyo hirizi. Ukimaliza kusoma mstari huu weka barua chini uivue, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Kosa ni langu. Nilikuandikia sumaku ipite, sikukuandikia kwamba isikae. Daktari alisema, nami nilikuwepo na nilisikia: ikipita ikaondoka inakiamsha kile kidude, lakini ikiwekwa pale ikabaki inakizima. Kinazima kabisa mpaka uiondoe. Wanakifanya hivyo makusudi kama mtu ana shida kubwa. Tangu Bibi yako akufunge kile kitambaa, hicho kidude hakifanyi kazi. Sauti haikupona. Koo likizoea linazoea polepole, haliamki asubuhi moja likiwa limenyooka. Sauti yako ni safi kwa sababu hakuna kinachopita.

Na uji haukumwagika kwa usingizi. Wewe mwenyewe unajua.

Usiende majini. Hata maji ya magotini, hata kama mko kumi. Ikiwa umeshakwenda na umerudi, usirudi tena.

Usimwambie Bibi yako kwa ukali. Mwambie daktari ndiye anataka ikae mkononi.

Nilitaka nije mwenyewe. Salima amenisimamia mlangoni. Barua hii naipeleka kwa mtu wa boda mpaka Nyamisati, amkabidhi Kibwana mkononi. Nijibu na boti hiyo hiyo, hata neno moja.

Zena


Salale,
13 Januari 2025

Kwa mwanangu Zena,

Anayeandika ni Safina mke wa Gharibu, anayesema ni mimi mama yako, Mwajabu.

Salamu. Boti ya Kibwana imeharibika injini, iko Nyamisati toka wiki iliyopita, kwa hiyo hatuna habari zako. Barua hii nampa mtu wa mtumbwi wa mkaa.

Mtoto ameanguka. Usilie kwanza, yu hai. Walikwenda kutanda, maji ya magotini tu, Safina yuko mbele na yeye nyuma. Tandio likalegea. Safina akadhani anainama kuchomoa mguu kwenye tope. Akamwambia, "Umeshachoka, mwalimu?" Kugeuka, mtoto kalala kifudifudi, kanga inaelea. Wamemtoa. Alikuwa wa bluu midomoni. Walimlaza ubavu, maji yakatoka, akakohoa.

Toka hapo ameanguka tena na tena. Vidonge anameza, mimi mwenyewe namtia mdomoni. Sijui tumekosa nini. Mwaka mzima hajawahi kuanguka hivi, na sasa tuna kinga, wakati ule hatukuwa nayo.

Sumaku haijatoka kifuani. Hilo usiwe na wasiwasi. Ilipolowana nimeikausha juani nikaishona upya, na safari hii nimezungusha kitambaa mara mbili na kukikaza. Sitaifungua mpaka wewe uje.

Uje, Zena. Najua una eda. Uje.

Mama yako.

*Dada Zena, hapa naandika mwenyewe, Bibi hajui. Amelala kwa kuchoka. Yasmin haongei sana. Akiamka ananiuliza swali moja tu, kama sauti yake bado ni nzuri. Sijui kwa nini anauliza hilo. Sasa hivi kifua kinakwaruza kwa yale maji. Kuna wanawake wameanza kusema apelekwe akapungwe pepo. Bibi amewafukuza lakini naye anaanza kuwasikiliza. Mimi naogopa kukaa naye peke yangu na naogopa kumwacha. Safina.*


Kibiti,
17 Januari 2025

Safina mdogo wangu,

Barua hii inakuja na wifi yangu Salima. Usimsomee Bibi. Soma kwa macho, halafu fanya hivi.

Kata kile kitambaa kifuani kwa Yasmin. Usihangaike na mafundo, kata kwa kisu. Iondoe hirizi, uiweke mbali, ng'ambo ya chumba. Hiyo sumaku ndiyo inayozima kifaa chake. Bibi ameifunga kwa mapenzi na maelekezo yangu ndiyo yaliyompotosha, lakini kila anapoikaza anamfunga mtoto.

Nilimwandikia Yasmin haya tarehe kumi na moja. Nimejua leo kwamba barua hiyo iko ndani ya boti mbovu pale Nyamisati, imelala kwenye kisanduku cha Kibwana. Nimeishika barua ya mama mkononi, pale aliposema amezungusha mara mbili, nikavaa viatu. Salima akasimama mlangoni. Nikamwambia asogee au nimsogeze. Akaninyang'anya barua, akaisoma, kisha akasema, "Wewe kaa na mumeo. Mimi sina eda." Hajawahi kupanda boti maishani mwake, na maji anayaogopa hata ya ndoo. Mpeni maji ya ndimu.

Ukishaiondoa, sauti yake inatakiwa ikwaruze tena, ije na kuondoka, ije na kuondoka, siku hiyo hiyo. Sikilizeni. Isipokwaruza, maana yake kifaa kimekufa, au waya umekatika alipoanguka, na hapo msisubiri, mleteni hospitali kwa chombo chochote kitakachopatikana.

Maji Yasmin asiyaone tena. Akitaka kuoga, kopo, na wewe mlangoni.

Matokeo yametoka. Amepata daraja la tatu. Mwambie akiwa na nguvu ya kusikia.

Dada yako,
Zena


Salale,
23 Januari 2025

Mpendwa Mama Mdogo,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Naandika mwenyewe, utaona herufi zinapanda na kushuka, ni mkono tu umechoka.

Shangazi Salima alifika na boti ya mkaa, ametapika toka Nyamisati mpaka hapa, ushungi umejaa masizi. Hakusalimia. Alisema, "Kisu kiko wapi?" Bibi akadhani anataka kukata ndimu, akampa. Safina hata hakuwahi kumaliza kusoma.

Bibi alipiga kelele. Alimshika mkono Shangazi, wakavutana juu yangu mimi nimelala katikati. Shangazi akasema, "Mama, nikimuua huyu mtoto mimi narudije Kibiti? Niachie." Bibi akaachia. Kitambaa kikakatika. Shangazi akatoka na hirizi mpaka kwenye banda la kuku.

Halafu tukakaa kusikiliza. Mama Mdogo, sijawahi kuogopa hivyo, hata kisu cha hospitali sikukiogopa hivyo. Kwa sababu sauti ilikuwa inakwaruza, lakini ilikuwa inakwaruza muda wote, kwa yale maji niliyomeza. Haiji na kuondoka. Imekaa tu. Hatukuweza kujua kinachokwaruza ni kifua au ni kifaa. Shangazi akaniambia niseme kitu. Nikasoma Alhamdu. Akasema rudia. Nikarudia mpaka nikakohoa. Safina alikuwa analia pembeni anasema hasikii tofauti.

Usiku ule nilianguka. Asubuhi nikawa napotea na kurudi, kidogo kidogo. Bibi alikuwa ananitazama na kumtazama Shangazi. Kifua kikaanza kukauka kwa majani ya mpera. Sauti ikaanza kurudi. Ilirudi safi. Niliisikia inarudi safi nikataka kuirudisha nyuma. Mwezi mzima niliomba Mungu anipe sauti hii, na sasa ilikuwa inatoka mdomoni mwangu, nzuri kabisa, nikajua maana yake. Shangazi alikuwa ameshakwenda kutafuta chombo cha kunipeleka.

Safina akakaa nami. Akaniambia hadithi za mumewe ili nisilie. Akasema Gharibu akikoroma nyani wa mikokoni wanahama. Nikamjibu, "Basi ndiyo maana mwaka huu hawajala mpunga," na katikati ya neno mpunga koo likabana. Sauti ikazama. Safina akanishika bega kwa nguvu, akasema, "Ongea. Ongea chochote." Nikaongea. Ilikuwa nzito na mbaya kama zamani. Ikaisha. Tukasubiri, na baada ya dakika chache ikaja tena. Safina alikimbia nje bila ushungi kumwita Shangazi.

Tangu hapo nimeanguka mara moja tu, na haikuwa kubwa. Shangazi anasema hata hivyo lazima nikaonwe, kifaa kipimwe, na amekubali kunipeleka yeye mwenyewe nikipata nguvu ya kukaa botini. Anasema akishatapika mara moja ameshazoea. Atatangulia na barua hii kukutuliza, kisha arudi kunichukua.

Kuhusu Bibi. Tulikubaliana tumwambie daktari amebadilisha utaratibu, kama ulivyomwagiza Shangazi. Tukamwambia. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Nilipokaza mara ya pili, ndipo ilipozidi?" Shangazi ambaye ana jibu la kila kitu, akaanza kukunja ushungi wake. Bibi akainuka akaenda kwenye kinu.

Sasa hivi ndivyo tunavyoishi. Chuoni bado sijarudi. Maalim Sadala amekuja, nikamweleza habari za neva yote, mwanzo mpaka mwisho, na sikuangalia mkeka. Alisema nikiwa tayari mahali pangu papo. Wazazi wengine hawatarudisha watoto na siwezi kuwalaumu, hata mimi ningeogopa.

Mchana Bibi anatwanga uani, na anataka nikae kizingitini nisome kwa sauti. Kitu chochote. Nasoma juzuu, nasoma daftari langu la baiolojia, nasoma maandishi ya mfuko wa unga. Hanitazami. Ila nimegundua kwamba sauti yangu ikiwa safi kwa muda mrefu kidogo, mchi unapunguza mwendo. Ukipita muda zaidi unasimama kabisa, uko juu hewani, na Bibi ameinamisha kichwa. Koo likishabana, sauti ikishakwaruza, anaushusha.

Jana nilinyamaza katikati ya mstari. Sikuwa na kitu, nilikuwa nageuza ukurasa tu. Mchi ukasimama.

Nikawahi kusoma.

Mwanao,
Yasmin